Herufi Saba Chini ya Kifuniko

Gitaa lilinigharimu faranga laki tisa. Nikiongeza pikipiki za kwenda Mudende na kurudi mara mbili, elfu kumi na mbili, na elfu mbili za mchonga mihuri ambaye hakuchonga kitu, inakuwa laki tisa na elfu kumi na nne. Nimehesabu mara mbili. Laki nane kati ya hizo zilikuwa na miguu minne na mimba ya miezi minane, na hazikuwa zangu. Zilikuwa za mama yangu.

Ninauza vyombo vya muziki vilivyotumika. Hapa Gisenyi wateja wangu ni kwaya za makanisa, bendi za harusi, na hoteli za kando ya ziwa ambazo wenyewe hukumbuka kuwa na bendi wiki moja kabla ya sikukuu. Nanunua kwa wajane na kwa waliookoka. Mtu akiokoka huuza gitaa kabla hajauza pombe iliyobaki, na huwa hana subira ya kupatana. Kwa mjane ni tofauti. Mjane anauza sauti ya mtu, kwa hiyo unakaa, unakunywa chai, unasikiliza, halafu ndiyo unashusha bei.

Kupima umri wa gitaa la umeme nilifundishwa na fundi mmoja wa redio, marehemu sasa. Alikuwa akisema shingo hudanganya, rangi hudanganya, na mwenye gitaa ndiye anayedanganya kuliko vyote. "We angalia mukono yake," aliniambia. Mkono ni ule wa tremolo, kijiti cha chuma anachokibonyeza mpigaji ili sauti ilie kama mtu anayezuia machozi. Kijiti kimechomekwa kwenye bamba, na juu ya bamba kuna vikalio sita, kimoja kwa kila waya. Chini ya bamba, ndani ya mwili wa gitaa, limening'inia tofali zito la chuma linalovutwa na springi. Kwenye magitaa ya zamani ya kiwanda kimoja cha Marekani, vikalio ni vipande vya chuma vilivyokunjwa, na tofali linanasa sumaku. Baadaye kiwanda kikaanza kumimina kila kitu kwa madini mepesi, sumaku ikateleza. Natembea na sumaku niliyoing'oa kwenye spika mbovu. Imeniokoa mara nyingi kuliko kitambulisho.

Ila kuna ushahidi unaoshinda sumaku. Kwenye kila kikalio cha zile za zamani kabisa wamegonga jina la kiwanda, na chini yake herufi saba: PAT. PEND. Fundi alinieleza kwamba ni kifupi cha Kiingereza, maana yake wameomba hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi wao, na bado wanasubiri majibu. Walikuja kuacha kugonga maneno hayo, kwa hiyo ukiyakuta unajua gitaa limewatangulia wenzake. Herufi saba mara sita ni arobaini na mbili. Ni cheti cha kuzaliwa kilichoandikwa mara sita, ili hata mjinga asikose kukisoma.

Mjane aliyeniita anakaa mwendo mfupi kutoka mpaka mdogo wa kuvukia Goma, nyumba yenye ua wa maua na mlango wa bluu. Mumewe alipiga gitaa la solo Goma na huku kwetu, kwenye mahoteli, enzi watu walipovaa tai kwenda kucheza. Ukutani kulikuwa na picha yake, kubwa, kichwa kimeinama, gitaa kifuani. Mama huyu ana umri wa mama yangu, na Kiswahili chake ni kile cha Goma, cha mutu na muzuri. Changu ni cha Karagwe, Tanzania, nilikozaliwa kabla hatujarudi Rwanda, na watu wa huku hunicheka kwamba naongea kama redio.

Alilitoa gitaa chini ya kitanda, limefungwa kwenye kitenge. Nilipoliona nikavunjika moyo. Shingo ilikuwa ya seremala, mbao ya huku huku. Mwili ulipakwa rangi ileile ya bluu ya mlango. Ndani, alisema mwenyewe, mumewe alitoa waya zote akaweka za redio, na zilizotoka alizitupa. Waya za juu zilikuwa zimebaki mbili. Lakini juu ya tremolo kulikuwa na kile kifuniko cha chuma, kama kifuniko cha kisahani cha sabuni, ambacho kwa kawaida wapiga gitaa hukitoa siku ya kwanza na kukipoteza siku ya pili. Nikakibanua kwa kucha. Vikalio sita. Nikainama. Herufi saba, mara sita. Nikazihesabu tena kuanzia upande wa pili.

Sikupiga picha. Mnunuzi anayepiga picha ameshajipandishia bei mwenyewe. Nikakohoa, nikatikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, unataka ngapi?"

"Milioni moja na laki mbili."

"Kwa mbao hii? Hii shingo ni mguu wa meza, mama."

"Meza gani? Bwana yangu alilishaka watoto saba na hiyo meza."

"Laki tano."

"Yewe! We umetoka kununua kuku?"

Tukaenda hivyo, chai ya pili ikaja. Mimi laki sita na nusu, yeye milioni na laki moja. Akagoma hapo. Nikabanua tena kifuniko, nikapitisha kidole juu ya vikalio, nikakunja uso.

"Na huku mmeandikaandika, mama. Kitu kikiandikwa majina ya watu hakiuziki."

"Majina gani?" Akasogea. Miwani hakuwa nayo. "Inaandikwa nini?"

Hapo ndipo ningeweza kusema ukweli. Ningemwambia: imeandikwa kwamba gitaa hili lina miaka sitini na bei uliyotaja umejipunja. Badala yake nikamsomea kama mtoto wa darasa la kwanza anavyosoma.

"Pat. Pend."

"Pat ni nani?"

"Nitajua wapi mimi, mama? Pat, penda. Wanamuziki hawa. Labda mzee alikuwa na Pat wake." Nikacheka.

Yeye hakucheka. Aliangalia picha ya ukutani kwa muda wa mtu anayehesabu chenji. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Bon. Laki tisa. Leta faranga."

Laki mbili zilianguka kwa mpigo mmoja. Katika miaka yangu yote ya kupatana sijawahi kuona bei ikishuka hivyo bila mtu kufiwa. Nilitoka pale najisifu. Nilipiga simu Kigali kwa mtu anayewanunulia magitaa ya zamani wateja wa nje. Nikamweleza bamba, tofali, vikalio. Akaniuliza mara tatu kuhusu herufi, nami nikamjibu mara tatu. Akasema kwa shingo ile na rangi ile gitaa zima ni kuni, lakini kama herufi zinasomeka kwenye vikalio vyote sita, atanipa milioni tatu kwa ajili ya tremolo na mwili wake. Milioni tatu. Nilitoa laki tisa kichwani, nikapata milioni mbili na laki moja. Nikatoa tena, ikawa vilevile.

Mkononi nilikuwa na laki moja tu. Ng'ombe wa mama alikuwa Mudende, kwa mjomba. Shangazi ndiye aliyempa mama ndama wa kwanza tuliporudi kutoka Karagwe mikono mitupu, na huyu ni mjukuu wa ndama yule. Mama anakaa Kigali kwa dada yangu, lakini kila Jumapili hupiga simu kumuulizia ng'ombe kabla hajaniuliza mimi. Sikumlaumu kamwe. Ng'ombe alikuwa na mimba, mimi nilikuwa na madeni.

Mjomba aliniuliza, "Mama yako anajua?"

"Anajua."

"Na amekubali, mimba ya miezi minane?"

"Mjomba, ni wiki mbili tu. Nitarudisha ng'ombe, na wewe nitakununulia blanketi."

Aliyemnunua ni jirani kutoka Bugeshi, mtu mpole, laki nane taslimu. Nikamwomba anikubalie nimnunue tena ng'ombe kwa bei ileile. Alikubali, akaongeza jambo moja: "Akishazaa watakuwa wawili. Wawili sitakuuzia kwa bei ya mmoja." Niliona ni haki. Nilikuwa naona kila kitu ni haki wiki ile.

Siku ya tatu nilirudi kwa mjane na pesa kwenye bahasha. Gitaa lilikuwa mezani, limefutwa, kifuniko kinang'aa mahali pake. Nilihesabu laki tisa mbele yake. Akahesabu yeye. Nikahesabu tena, kwa sababu yeye alipata noti moja zaidi na sikutaka iwe yake. Pesa tulizihesabu mara tatu. Kifuniko nilikuwa nimekifungua siku ile ya kwanza tu.

Nilipolibeba gitaa mlangoni alinishika mkono, akasema, "Nimemutoa."

Nikasikia "nimelitoa." Watu wa huku, nilijiambia, hawana habari na ngeli. Gitaa linaweza kuwa mutu, mutu anaweza kuwa iko, na dunia inaendelea. Mama wa watu ameliaga gitaa la mumewe. Nikamjibu kwa upole, "Umefanya vizuri, mama," na nikasema kwa moyo wote.

Nyumbani niliweka gitaa juu ya kitanda, karibu na dirisha, nikatayarisha simu kwa picha za Kigali. Nikabanua kifuniko.

Vikalio vilikuwa vyeupe kama meno. Kila kimoja kilikuwa na mistari ya tupa, imepita kushoto na kulia kwa subira ya mtu anayesugua sufuria ya wageni. Cha kwanza, hakuna. Cha pili, hakuna. Cha tatu, cha nne, cha tano, hakuna. Cha sita kilikuwa kimesuguliwa nusu. Jina la kiwanda halikuwepo, PAT haikuwepo, ila upande wa kulia yalibaki maandishi haya: PEND. Herufi nne kati ya arobaini na mbili. Nikatoa sumaku yangu, sijui kwa nini, nikaigusisha kwenye tofali. Ikanasa. Nikaiacha pale imenasa.

Nilituma picha hivyohivyo. Yule wa Kigali akapiga baada ya dakika kumi.

"Ndugu yangu, umezisugua?"

"Sio mimi."

"Hao wanaonunua wanalipia herufi. Tofali la chuma hata magitaa ya kuiga yanalo. Na kikalio kimoja chenye nusu neno mtu anaweza kukiokota popote."

"Sasa unanipa ngapi?"

"Laki moja na nusu, kwa sababu nakuheshimu."

Kesho yake nilirudi kwenye mlango wa bluu. Njiani niliandaa hasira, maana aliharibu mali ambayo tulikuwa tumeshapatana. Alinikaribisha kama mtoto aliyetoka safari. Kulikuwa na sambaza, vile visamaki vya ziwani, za kukaanga. Nilikaa mahali pangu, nikainua macho, na ukutani palikuwa na mraba wa rangi safi, umezungukwa na ukuta uliofifia. Picha haikuwepo.

"Mama, zile herufi..."

"Nilikuambia nimemutoa." Alisema kwa fahari. "Nilichukua lime ya kunolea panga, nikasugua siku mbili. Mukono inaniuma mupaka leo. Ungeuza namna gani kitu iko na jina ya mwanamuke wa mutu? Donc nikakusafishia."

Alikuwa amenifanyia wema. Hakuna hasira niliyoiandaa iliyotosha hapo.

"Kikalio cha mwisho umebakisha neno."

"Ile niliacha. Kupenda haina makosa. Makosa iko kwa mutu." Akanisogezea sahani. "Unaona, miaka yote nilikuwaka najua kuko rivale, mwanamuke mwingine. Alikuwaka anachelewa, anasema ni musiki. Mi nanyamaza. Akafa, nikalia kama bibi wa mutu muzuri. Kumbe alimubeba kifuani kila siku ya Mungu, mara sita! Mi, jina yangu, hata mara moja hakuandika popote. We mutoto wa Tanzania, umenifungua macho."

Nilimeza sambaza nzima na miiba yake.

"Picha umeiweka wapi, mama?"

"Kwa choo. Nyuma ya ndoo."

Nilitaka kumwambia. Neno lilifika hadi kwenye meno. Lakini kumwambia kwamba Pat si mwanamke ni kumwambia Pat ni nini, na kumwambia Pat ni nini ni kumwambia kwamba nilijua siku ile nilipokuwa nacheka, na kwamba ile laki mbili iliyoanguka niliiangusha kwa kumpa mke mwenza ambaye hajawahi kuzaliwa. Nikachukua sambaza nyingine. Yeye akauona uso wangu, akauelewa kwa namna yake.

"Haikuuzika?"

"Bado, mama."

"Kama inakushinda, rudisha. Faranga yako iko, sijagusa. Mi sitaki mutu apoteze juu ya ule malaya." Akafuta mikono kwenye kitenge. "Nitaipasua kuni, nichemushe nayo maharagi. Siku hiyo uje, tutakula pamoja."

Nilitembea kwa miguu hadi mjini, nikapita kwa mchonga mihuri. Nilimwekea kikalio kimoja mezani. Nilijieleza kwamba herufi zilikuwepo kweli, kwa hiyo kuzirudisha si uongo, ni matengenezo. Yeye alivaa lenzi jichoni, akadai elfu mbili za kuangalia tu, akaniambia inawezekana, atagonga kimoja kimoja. Akachukua karatasi.

"Niandikie neno lenyewe."

Nikamwandikia. Akalisoma kwa sauti.

"Pat. Huyu Pat ni nani?"

Nilichukua kikalio changu nikatoka. Elfu mbili hakunirudishia. Alisema jicho lake limeshafanya kazi.

Tangu siku hiyo nimepeleka gitaa kwa kwaya mbili. Moja wanatoa laki na elfu themanini, nyingine wamesema litawafaa kama nitalitoa kwa Bwana. Wiki mbili nilizomwahidi mjomba zimekwisha, na ya tatu inakatika. Simu yake ya jana ilikuwa fupi: kiwele kimejaa, ng'ombe anatembea miguu imeachana, ni siku nne au tano. Leo asubuhi mama alipiga.

"Amezaa?"

"Bado, mama."

"Mwambie mjomba wako asimpe nyasi za umande. Umemwona mwenyewe?"

"Nimemwona."

"Ana hali gani?"

"Amenenepa."

"Sawa. Jumamosi nakuja kumwona. Nimeshanunua kamba mpya."

Amenunua kamba. Mimi nimezoea kupatana na watu wanaotaka kitu, na najua pa kuwashika. Mtu aliyekwisha kununua kamba simuwezi.

Kwa hiyo ninaandika, leo Jumatano, na hesabu naiweka wazi. Nikirudisha gitaa kesho na kusema tu kwamba limenishinda, mjane atanipa laki tisa bila swali. Laki nane zinakwenda Bugeshi, ng'ombe anarudi Mudende kabla hajawa wawili, mama anamfunga kamba Jumamosi. Bwana wa watu anabaki chooni nyuma ya ndoo, gitaa lake linaivisha maharagi, na mimi nimealikwa kula. Nikianza kwa kumwambia ukweli, picha huenda ikarudi ukutani, lakini sioni kwa nini mama yule, akishajua nilichomfanyia, anihesabie hata noti moja. Mimi nisingehesabu. Hapo ng'ombe amekwenda, na itanibidi nimwambie mama yangu Jumamosi, mbele ya mjomba, kamba ikiwa mkononi mwake.

Nimezihesabu njia hizi mara mbili na zimebaki mbili. Mwenye kujua ya tatu anishauri kabla ya kesho. Na kama haipo, anayewajua wajane kuliko ninavyowajua mimi aniambie jambo moja tu: nikishabisha hodi kwenye mlango ule wa bluu, gitaa likiwa begani, nitoe kwanza bahati mbaya ya biashara, au nitoe kwanza Pat?